Habari za Kipepeo wa Samawati na Kilima Chake

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo haya twapenda kueleza jinsi nchi ya Uingereza ilivyopotewa na kipepeo mmoja katika mwaka 1979, na jinsi ilivyompata tena. Yamkini wako watakaosema ya kuwa habari za mdudu hazifai kupotezewa wakati, kwa kuwa dunia ina mambo makubwa kuliko hayo. Twawaomba subira. Kipepeo huyu hakupotea kwa kukosa watu wa kumpenda. Alipendwa na wataalamu, akalindwa kwa sheria, hata makao yake mojawapo yakazungushiwa boma. Na juu ya hayo yote akatoweka. Sababu ya kutoweka kwake ilikuwa mbele ya macho ya watu kwa muda wa miaka mingi, wala hawakuiona. Hilo ndilo tutakalo kulieleza.

Jina lake kwa tafsiri ni Kipepeo Mkubwa wa Samawati. Mtaalamu Linnaeus wa Sweden, aliyevipa majina viumbe vingi vya dunia, ndiye aliyemwandika katika mwaka 1758 kwa jina la arion. Mabawa yake akiyakunjua yapata sentimita nne au tano toka ncha hata ncha. Rangi yake ni samawati ing'aayo, na juu ya mabawa ya mbele mna madoa meusi kama matone ya wino. Hukaa katika nchi nyingi za Ulaya na baadhi ya nchi za Asia. Katika Uingereza aliandikwa kwanza na Bwana William Lewin, katika kitabu chake cha vipepeo kilichotoka mwaka 1795. Na tangu siku hizo alihesabiwa kuwa adimu.

Yafaa tueleze na makao yake, maana habari yote imefungamana nayo. Kipepeo huyu hapendi msitu wenye kivuli, wala bonde lenye maji. Katika Uingereza makao yake ni mteremko mkavu, wenye udongo mwembamba na majani mafupi, uelekeao upande wa kusini. Sisi tukaao karibu na ikweta twaweza kuuliza, Kwa nini kusini? Kwetu jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, na pande zote za kilima hupata sehemu yake. Kule Uingereza jua la adhuhuri liko kusini siku zote za mwaka, basi mteremko uelekeao kusini huota jua mchana kutwa, na udongo wake huwa na joto kuliko wa upande wa pili. Katika mteremko kama huo humea zaatari ya mwituni, mmea mdogo utambaao chini, wenye harufu nzuri na maua ya zambarau. Juu ya vitumba vya maua hayo kipepeo jike hutaga mayai yake, mwezi wa Juni na Julai.

Katika karne ya 19 ilizuka Uingereza desturi ya kukusanya vipepeo. Makasisi, waganga, wanasheria na wenye mashamba walitoka na nyavu zao siku za kiangazi, wakawakamata vipepeo na kuwachoma kwa pini ndani ya visanduku vya kioo. Kila aliye adimu alitafutwa zaidi, na kipepeo wa samawati alikuwa miongoni mwa waliotafutwa sana. Hata karne ilipokwisha, alikuwa amekwisha toweka katika jimbo la Northamptonshire, ambako zamani alijulikana. Akasalia katika vilima vya Cotswold, na katika majimbo ya kusini-magharibi, yaani Somerset, Devon na Cornwall. Watu wakasema, Wakusanyaji ndio adui zake. Tuliweke neno hili moyoni, kwa kuwa litarudi.

Wakati ule kulikuwa na fumbo moja lililowatatiza wataalamu. Bwana Frohawk, aliyekuwa bingwa wa kulea vipepeo na kuwachora, alijaribu kumlea huyu toka yai hata bawa, asiweze. Kiwavi akitoka katika yai hula maua ya zaatari kwa muda wa majuma mawili au matatu, akajivua ngozi mara tatu. Kisha hukataa chakula. Hata apewe maua mazuri namna gani, hayagusi tena. Hutambuka huku na huko kama mtu aliyepotewa na njia, kisha hufa. Ilikuwa dhahiri ya kuwa pale mlimani kiwavi huyo alipata kitu ambacho katika kisanduku cha mlezi hakikuwamo.

Fumbo lilifumbuliwa mwaka 1915. Daktari Chapman, rafiki wa Bwana Frohawk, aling'oa shina la zaatari lililoota juu ya shimo la sisimizi wekundu, akamkuta kiwavi humo. Alipompasua na kutazama tumboni mwake, aliona mabaki ya mabuu ya sisimizi. Baada ya hapo Kapteni Purefoy aliwaweka sisimizi na viwavi pamoja katika bustani yake, akawafanyia nyumba kwa nusu ya ganda la jozi, naye akafaulu kuyatazama maisha yote ya kipepeo huyu toka mwanzo hata mwisho.

Na maisha yenyewe ni haya. Kiwavi akiisha kujivua ngozi mara ya tatu hujiangusha chini, akangoja katika majani. Sisimizi mwekundu atafutaye chakula humkuta, na kiwavi humtolea tone tamu mfano wa asali. Sisimizi hulilamba, akaendelea kulamba kwa muda mrefu. Kisha kiwavi hujikunja na kujivimbisha mgongo hata anafanana na buu la sisimizi mwenyewe, na harufu yake nayo inafanana. Basi sisimizi hudhani ya kuwa ni mtoto wa kwao aliyepotea nje, humnyanyua kwa meno yake na kumchukua shimoni. Humo mgeni hugeuka mla nyama. Huyala mabuu ya wenyeji wake kwa muda wa miezi kumi hivi, na viwavi wengine hukaa karibu miaka miwili. Zaidi ya sehemu 98 katika kila 100 za uzito wake wote huzipata humo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na twaona ya kuwa sisimizi nao wamo katika neno hilo. Hatimaye kiwavi hulala katika gamba lake humo shimoni, na ifikapo Juni hutoka hali ni kipepeo, hupanda juu ya jani, huyanyosha mabawa yake mabichi, akaruka. Siku zake za kuruka ni chache mno. Wengi hawatimizi juma moja.

Si ajabu ya Ulaya peke yake. Hata katika nchi zetu za Afrika wamo vipepeo wengi wa jamaa hii, walio wadogo na wenye rangi za kupendeza, ambao viwavi wao huandamana na sisimizi. Wengine huwapa sisimizi utamu nao wakapata ulinzi, na kila upande hupata faida. Huyu wa Uingereza ni katika wale wachache waliogeuza urafiki kuwa unyang'anyi.

Sasa twaingia katika masikitiko ya habari hii. Ilipofika miaka ya 1930 kipepeo huyu alikuwa akizidi kupungua, na watu wenye nia njema waliona ya kuwa wakati umefika wa kumsaidia. Wakashika mahali pamoja katika Cornwall alipokuwa akikaa, wakapazungushia boma ili kuwazuia wakusanyaji wasiingie na nyavu zao. Boma lilifanya kazi yake barabara: wakusanyaji hawakuingia. Walakini ng'ombe na kondoo nao hawakuingia, na desturi ya kuchoma vichaka ilikoma. Majani yakarefuka, miiba ikaota, na baada ya miaka michache vipepeo waliokuwa mle ndani wakaisha kabisa. Waliokuwa wakipalinda walishangaa, lakini hawakuona ya kuwa jibu lilikuwa likirefuka mbele yao kila mwaka.

Jambo lile lililofanyika ndani ya boma lilikuwa likifanyika vilevile nje yake, ila polepole. Miteremko ile mikavu haikuwa na faida kubwa kwa mkulima. Zamani alipeleka wanyama wake huko kwa sababu hakuwa na malisho mengine; lakini katika karne ya 20 wakulima wengi waliona ni afadhali kulisha wanyama katika mashamba ya tambarare yaliyotiwa mbolea. Miteremko ikaachwa. Hata hivyo kwa muda kipepeo hakuisha, kwa kuwa alikuwapo mchungaji mwingine asiyelipwa mshahara wala kuhesabiwa na mtu, naye ni sungura. Sungura walikuwa wengi mno, nao waliyakata majani ya miteremko ile usiku na mchana, yakabaki mafupi kama zulia.

Katika mwaka 1952, huko Ufaransa, mtu mmoja aliyechoshwa na sungura katika shamba lake aliwaambukiza ugonjwa uitwao miksomatosi, wenye asili ya Amerika ya Kusini. Ugonjwa ukamtoroka, ukaenea Ulaya, na mwaka 1953 ukafika Uingereza. Kwa muda wa miaka miwili au mitatu karibu sungura wote wa nchi ile walikufa. Wakulima wengi walifurahi, na kwa upande wao walikuwa na haki, maana sungura aliwala mazao. Lakini katika miteremko ile hapakuwa tena na jino la kukata majani. Makundi ya kipepeo wa samawati yakazimika moja baada ya moja, kama taa za mji saa za usiku mkuu, hata katikati ya miaka ya 1970 likabaki kundi moja tu, pembezoni mwa nyanda za juu za Dartmoor katika jimbo la Devon.

Katika mwaka 1972 kijana mtaalamu, jina lake Jeremy Thomas, alianza kumchunguza kipepeo huyu kwa njia ambayo haikutumiwa bado. Wengine walikuwa wakiuliza, Nani anamwua? Yeye alikaa mlimani msimu baada ya msimu, akihesabu mayai juu ya maua, akiwafuata viwavi waangukapo, akitazama ni sisimizi gani awachukuaye, na wangapi hutoka wakiwa hai mwaka wa pili. Kazi hiyo haikuwa na fahari. Ilikuwa kazi ya kulala kifudifudi juani, huku jicho likitazama majani.

Aligundua ya kuwa sisimizi wekundu si wa namna moja. Tangu siku za Chapman na Purefoy watu walidhani ya kuwa sisimizi yeyote mwekundu wa jamaa ya Myrmica aweza kumlea kiwavi. Thomas aliona ya kuwa wote humchukua shimoni, ila katika mashimo ya namna moja tu, iitwayo Myrmica sabuleti, ndimo viwavi wa kutosha wapatamo kupona. Katika mashimo ya wengine kupona kwao ni kama mara tano chini ya hapo, na kundi haliwezi kuendelea. Naye sabuleti apenda joto. Katika nchi ya baridi kama Uingereza hukaa mahali ambapo majani ni mafupi sana na jua lapiga udongo wenyewe. Majani yakirefuka sentimita chache tu, kivuli chake huupoza udongo kwa digrii mbili au tatu, na sabuleti huondoka, akaja mwingine wa jamaa yake astahimiliye baridi, aitwaye scabrinodis.

Tazameni basi udanganyifu uliokuwamo. Mtu akisimama juu ya kilima kilichoachwa bila wanyama kwa miaka michache, aliona zaatari ingali inachanua. Aliona sisimizi wekundu wangali wanatembea. Vipepeo walikuja, wakataga, viwavi wakaanguka, sisimizi wakawachukua. Kila kitu kilikuwapo kwa macho, na kumbe kilima kilikuwa kimekwisha kufa kwa kipepeo huyu, kwa kuwa chini ya ardhi wenyeji walikuwa wamebadilika. Yapasa kuongeza ya kuwa hata mashimo ya sabuleti hayatoshi yakiwa machache, maana viwavi wengi wakiingia shimo moja huyamaliza mabuu yote, nao wote hufa kwa njaa.

Maarifa hayo yalipatikana, lakini yalichelewa. Sheria ya kumkinga kipepeo huyu asikamatwe ilitungwa mwaka 1975. Mwaka uliofuata, 1976, ulikuwa wa ukame mkali, na kundi lile la mwisho, ambalo lilikuwa dogo tayari, halikuweza kusimama tena. Mwaka 1979 ilitangazwa ya kuwa Kipepeo Mkubwa wa Samawati ametoweka katika Uingereza. Sheria ilimkinga na wavu, ikashindwa kumkinga na majani marefu.

Habari ingaliweza kukoma hapo, kama zinavyokoma nyingi za namna hii. Walakini safari hii palikuwa na maarifa mkononi. Thomas, akisaidiwa na mwenziwe David Simcox, alianza kutengeneza makao kabla ya kumleta mwenye kukaa. Vichaka vilikatwa, ng'ombe na farasi wadogo wa nchi ile wakarudishwa malishoni kwa majira maalumu, na majani yakafupishwa mpaka sabuleti wakaanza kurudi. Ndipo mwaka 1983 viwavi wakaletwa toka kisiwa cha Öland, katika Sweden, ambako kipepeo wa namna hiyohiyo alikuwa angali akiishi, wakawekwa Devon. Baadaye walipelekwa Somerset, na mwaka 2000 katika kilima cha Collard Hill, ambako watu wote waliruhusiwa kwenda kuwatazama. Mwaka 2019 viwavi wapatao 1,100 waliachwa katika malisho ya Rodborough, jimbo la Gloucestershire, ambako kwa muda wa miaka 150 kipepeo huyu hakuwa ameonekana. Na kiangazi cha mwaka 2020 walitoka vipepeo wapatao 750. Ni vema tukumbuke ya kuwa malisho yale ni ya jumuiya, na ng'ombe wa wanakijiji hulishwa humo kwa haki ya zamani. Tena kipepeo hakufaidika peke yake, kwa kuwa katika vilima vile vilivyotengenezwa mimea adimu na wadudu wengine wengi waliongezeka pamoja naye.

Twapata fundisho gani katika habari hii? Wafugaji wetu wa Afrika ya Mashariki hawatashangaa wakiambiwa ya kuwa malisho yaliyoachwa hugeuka kuwa kichaka. Jambo hilo walilijua babu zao, wala hawakulisoma katika kitabu. Lakini mara nyingi watu watakapo kuhifadhi mahali, wazo la kwanza ni kuweka boma na kuwaondoa waliomo, kana kwamba nchi ilijitengeneza yenyewe na mkono wa mtu haukupata kuigusa. Pengine ndivyo ilivyo, na mwenye kukata msitu mkongwe asijifiche nyuma ya habari hii. Pengine sivyo. Kilima cha kipepeo wa samawati kilitengenezwa na jino la ng'ombe kwa muda wa karne nyingi, na aliyemfukuza ng'ombe alimfukuza na kipepeo.

Twakumbuka pia ya kuwa wale waliojenga boma katika Cornwall hawakuwa wajinga wala wabaya. Waliona adui mmoja aliye wazi, mwenye wavu mkononi, wakamzuia. Walichokosa ni kuuliza swali la pili, yaani, Kiumbe huyu aishi kwa nini? Swali hilo lilihitaji mtu wa kulala juu ya majani na kuhesabu sisimizi kwa miaka, na kazi ya namna hiyo haipati sifa mpaka imekwisha kufaa. Mwaka 2022, wataalamu wa Uingereza walipoandika upya orodha ya vipepeo walio hatarini, waliliondoa jina la kipepeo huyu katika daraja la walio karibu kuangamia, wakamweka mahali penye nafuu. Hata hivyo nafuu hiyo ina mlinzi wake. Ng'ombe wakiondolewa leo na majani yakaachwa yarefuke, sisimizi watabadilika chini ya ardhi kama zamani, na juu ya ardhi zaatari itaendelea kuchanua kama kwamba hakuna lililotokea.